Meno Yamebadilika Rangi? Jinsi ya Kutoa Madoa na Kuyang'arisha Bila Kuyamaliza

Kabla hujashika limao wala mkaa, kaa chini kwanza ujue doa ulilonalo ni la aina gani. Hapa ndo watu wengi wanaruka, mtu anaona meno ya njano kwenye selfi anakimbilia dukani kununua chochote kilichoandikwa kinang'arisha, mwezi ukiisha rangi ni ileile ila sasa maji ya baridi hayanyweki. Meno hubadilika rangi kwa sababu tofauti kabisa na kila sababu ina njia yake, ukikosea aina utasugua mpaka fizi zirudi nyuma na doa liko palepale linakuangalia.

Mi nafanya kazi ya meno huku kaskazini mwa Tanzania, ambako madoa ya kahawia ni kitu cha kila siku, kwahiyo nitayaongelea sana hayo mbele huko. Ila naanza na yale ya kila mtu.

HATUA YA 1: JIKAGUE VIZURI

Nenda kwenye mwanga wa mchana, dirishani au nje kabisa, maana taa za ndani zinadanganya. Piga mswaki kama kawaida, suuza, afu futa meno ya mbele kwa tishu mpaka yakauke. Chukua kioo kidogo na tochi ya simu uangalie na nyuma ya meno ya chini ya mbele, kule ulimi unakogusa, watu wengi hawajawahi kupaangalia maisha yao yote.

Kama doa ni la kahawia au jeusi, limekaa juu juu, linafuata mstari wa fizi na nafasi za kati ya jino na jino, na upande wa ulimi ndo baya zaidi, hilo ni doa la nje. Chanzo chake ni chai ya rangi, kahawa, sigara, ugoro, mirungi, tambuu. Jino muda wote limefunikwa na utando mwembamba wa mate, rangi ya hivyo vitu inanasa kwenye huo utando. Hili ndo doa rahisi kuliko yote na linatoka.

Kama unaona kitu kigumu cha njano au kahawia kimeganda kwenye shingo ya jino, ukipitisha ulimi kinakwaruza, huo ni ugaga. Ugaga ni ukoga ulioachwa bila kusafishwa ukaganda kwa madini yaliyomo kwenye mate, na hauchukui muda, ndani ya siku mbili tatu ukoga unaweza kuanza kuwa mgumu. Ni kama ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika la maji ya chumvi. Unapenda sana kukaa nyuma ya meno ya chini ya mbele na upande wa nje wa magego ya juu, sababu ni kwamba hapo ndo mirija ya mate inamwagia. Mswaki hauutoi huo, hata utumie dawa ya shilingi ngapi.

Kundi la tatu ni rangi iliyo ndani ya jino lenyewe. Mistari na mawingu meupe ya chaki au madoa ya kahawia yanayofanana kushoto na kulia, na unayo tangu meno ya ukubwa yalipoota, hayo kwa kiasi kikubwa ni ya floridi, madini yanayokuwa kwenye maji ya kunywa. Mikanda ya kijivu au njano-kahawia inayokata meno kwa mlalo mara nyingi ni dawa ya tetrasaiklini aliyopewa mtu akiwa mtoto au aliyotumia mama akiwa mjamzito. Jino moja tu limegeuka kijivu wakati wenzake wako sawa, hilo mara nyingi lilipigwa zamani, mpira, baiskeli, ngumi, na mshipa wake ukafa. Halafu kuna njano ya umri, ambayo sio ugonjwa wala uchafu. Tabaka la juu la jino, enameli, linakwanguka kidogo kidogo mwaka hadi mwaka na dentini ya chini yake kiasili ni ya njano, kwahiyo inaanza kuonekana.

Na hapa niseme kitu, jino la binadamu sio jeupe kama karatasi, na chonge zinakuwa za njano kuliko meno mengine ya mbele kwa kila mtu, hata kwa huyo msanii unayemuangalia asipoweka filta. Kuna watu wanakuja kliniki na meno mazuri kabisa wanataka yang'arishwe, ukiuliza shida iko wapi wanakuonyesha chonge.

Doa jeusi lenye shimo, au linalouma ukila kitu kitamu, hilo sio doa. Limeoza. Acha kusoma nenda likazibwe.

HATUA YA 2: ACHA HIVI VITU LEO

Limao. Najua limeenea kila kona, limao na chumvi, limao na bekingi soda, limao na mkaa. Enameli inaanza kuyeyuka pale pH mdomoni, yaani kipimo cha asidi ambacho namba ikishuka ukali unapanda, inapofika chini ya 5.5 hivi, na maji ya limao yako kwenye 2 na kidogo. Shida ni kwamba siku za kwanza jino linaonekana jeupe kweli, sababu asidi imekwangua juu na kulikausha, ndo maana mtu anaapa kwamba inafanya kazi. Endelea sasa. Enameli inapungua, dentini ya njano inasogea juu, meno yanakuwa ya njano kuliko ulivyoanza na ganzi juu yake, yaani yanauma ukinywa kitu cha baridi. Na enameli ikiondoka haioti tena, mwili hauna namna ya kuitengeneza upya. Ukichanganya limao na bekingi soda ule mlio wa povu watu wanaoupenda ni asidi na soda vinauana vyenyewe kwa vyenyewe, kinachobaki ama ni asidi iliyozidi ama ni maji ya chumvi chumvi tu.

Mkaa. Huu nitautendea haki, mkaa unatoa doa la nje, ni kweli, kwasababu unasugua. Mchanga nao unasugua. Mkaa wa kutwanga nyumbani una chembe kubwa na kali ambazo hujui ukubwa wake, unachora enameli mistari midogo, na kwenye mistari hiyo chai ya kesho inakaa vizuri zaidi. Pia unaingia kwenye fizi na kwenye kingo za meno yaliyozibwa unaacha mstari mweusi ambao kuutoa ni kazi. Dawa za meno za mkaa za kiwandani zimesagwa laini zaidi, lakini nyingi hazina floridi, soma boksi.

Majivu, mchanga, sabuni ya unga, dawa ya kutoa madoa kwenye nguo (ndio, wapo), hivi sina cha kuongeza. Peroksaidi ya kusafishia vidonda inayouzwa famasi, mtu anaisukutua muda mrefu kila siku, inachoma fizi zinakuwa nyeupe na kuuma. Ganda la ndizi halina madhara, wala faida.

Na tafadhali usiparue ugaga kwa wembe, pini au ncha ya kisu. Unaparua na mzizi, unachana fizi, na ugaga wenyewe mara nyingi sehemu yake iko chini ya fizi ambako hufiki.

HATUA YA 3: KAZI YA NYUMBANI, WIKI TATU HIVI

Hapa ndo unaanza, hata kama unajua utaenda kliniki, sababu fizi zikiwa zimetulia usafishaji hauumi wala hautoi damu nyingi.

Nunua mswaki laini. Sio wa kati, sio mgumu. Watu wetu wanapenda mswaki mgumu wanasema ndo unasafisha, na mimi kila wiki naona shingo za meno zilizochongwa kwa sababu hiyo. Badilisha kila miezi mitatu, au mapema kama nywele zimeshatawanyika, na zikitawanyika ndani ya wiki tatu ujue unakandamiza mno.

Dawa ya meno iwe na floridi, angalia nyuma ya boksi kuna namba, kwa mtu mzima inatakiwa iwe kati ya 1000 na 1500 ppm. Hizi zilizoandikwa za kung'arisha zina unga wa kusugua mwingi kidogo au mkali kidogo kuliko za kawaida. Kuna kipimo cha kimataifa cha ukali wa dawa za meno kinaitwa RDA na mwisho wake unaoruhusiwa ni 250, ila wengi hawakiandiki kwenye boksi, kwahiyo we fanya hivi, ya kung'arisha tumia mara moja kwa siku kwa hizo wiki tatu, muda mwingine tumia ya kawaida, baadae rudi kwenye ya kawaida kabisa. Nyingine zina rangi ya bluu ndani, hazitoi doa lolote, zinatia ubluu mwembamba juu ya jino ili njano isionekane kwa macho. Ujanja mzuri wa asubuhi ya harusi, basi.

Namna ya kupiga: anza na uzi wa meno katikati ya meno, usiku inatosha. Weka nywele za mswaki pale fizi na jino vinapokutana, zilale kwa mshazari zikielekea kwenye fizi, zungusha miduara midogo ukihesabu meno mawili mawili, afu futa kuelekea kwenye ncha ya jino. Usisugue kama unakata mbao. Nyuma ya meno ya mbele simamisha mswaki wima utumie ncha yake, huko ndo madoa ya chai na ugaga vinapoanzia. Dakika mbili kamili, mara mbili kwa siku, na ya usiku ndo kubwa, ukipiga asubuhi tu kwa ajili ya harufu umefanya kazi nusu. Ukimaliza tema povu lakini usisukutue kwa maji mengi, floridi inatakiwa ibaki. Hii watu inawashinda sana, wanasema wanahisi hawajasafisha, ila zoea.

Bekingi soda ukitaka kuitumia ni sawa, yenyewe ni laini sana kuliko watu wanavyodhani, haichubui kama mkaa. Chovya kidogo tu kwenye mswaki wenye maji, mara mbili kwa wiki, baada ya dawa ya meno na sio badala yake, maana haina floridi. Lakini angalia unachonunua: bekingi pauda sio bekingi soda, ile pauda ina asidi na unga ndani. Na magadi ya kupikia maharage sio bekingi soda kabisa, usiyaweke mdomoni, nitarudi kwenye magadi.

Mswaki wa mti je? Unafaa. Ule wa msuaki ambao Waislamu wa pwani wanautumia tangu zamani na wafugaji nao wana miti yao, hata Shirika la Afya Duniani limeshautambua kama njia nzuri ya kusafisha meno pale ambapo upo na watu wameuzoea. Menya ganda, tafuna ncha mpaka iwe nyuzi laini, sugua kutoka kwenye fizi kwenda kwenye ncha, kata ile ncha iliyotumika utafune mpya kesho. Watu wengi wanasafisha meno sita ya mbele tu huku wanatembea, magego hayaguswi. Usiku ongeza dawa ya floridi.

Wiki tatu zikiisha rudi dirishani na tishu yako. Kilichotoka kimetoka. Kilichobaki nyumbani hakitoki.

HATUA YA 4: KLINIKI, KUSAFISHA NA KUPOLISHI

Hivi ni vitu viwili watu wanavichanganya. Kusafisha, wengine wanaita skelingi, ni kutoa ugaga. Kupolishi ni kutoa madoa ya juu na kulainisha uso wa jino. Ukipiga simu kuuliza bei uliza kama vyote viwili vimo, maana sehemu nyingine wanakutajia cha kwanza tu halafu ukiwa umeshalala kwenye kiti ndo unaambiwa cha pili kina bei yake.

Nenda kwa mtu aliyesajiliwa. Tanzania bara madaktari wa meno wanasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya nao wana baraza lao, na mtaalamu halali hakasiriki ukiuliza. Siku hizi kuna saluni zinang'arisha meno pembeni ya kope na kucha, mtu hajakagua kama una jino lililotoboka anakupaka jeli kali. Hapana.

Kabla ya kufungua mdomo sema haya: kama una shida ya valvu ya moyo au umewahi kuwekewa valvu bandia, kama una betri ya moyo, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, una kisukari, pumu, au ni mjamzito. Ujauzito hauzuii kusafisha, tena fizi za mjamzito zinavimba kirahisi na usafi unamsaidia, ila daktari ajue. Mwenye shida ya valvu anaweza kuhitaji antibayotiki kabla.

Kinachofanyika ni hivi. Kwanza anapima fizi kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita, anaangalia mifuko kati ya fizi na jino ina kina gani. Halafu inakuja mashine yenye ncha inayotetemeka zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde huku inatoa maji, kelele yake ndo inaogopesha watu. Ncha haikati jino, inavunja ugaga kwa mtetemo na maji yanasafisha na kupooza. Sehemu ndogo ndogo anamalizia kwa mkono kwa vyuma vyembamba. Damu itatoka kama fizi zilikuwa zimevimba, hiyo ni ya ugonjwa uliokuwepo. Ukihisi kuuma sana nyoosha mkono, kuna sindano ya ganzi, hakuna tuzo ya kuvumilia.

Kupolishi kunafanywa na kikombe kidogo cha mpira kinachozunguka taratibu na ute wenye unga wa jiwe la pamisi. Kwa meno ya mvuta sigara au mla mirungi, hicho kikombe kinaweza kuchukua muda mrefu, ndo maana kliniki nyingine wana mashine inayorusha maji, hewa na unga laini kwa pamoja, ile inaingia mpaka kwenye nafasi za kati na madoa meusi yanaondoka ukiwa unaangalia. Mtaalamu mzuri hapolishi kila jino kwa mazoea, anapolishi palipobaki doa, sababu kila kupolishi kunaondoa tabaka jembamba sana la juu, na jino lenye weupe wa chaki au shingo iliyo wazi anatakiwa alipite kwa tahadhari au aliache. Mwisho anaweza kupaka vanishi ya floridi. Jumla yake ni nusu saa mpaka saa moja, kutegemea umekaa na ugaga miaka mingapi.

Sasa lile neno la mtaani kwamba kusafisha meno kunalegeza meno na kuyaachanisha. Nimelisikia kwa wazee, nimelisikia kwa wasomi. Inachotokea ni kwamba ugaga ukikaa miaka unakula mfupa ulioshika jino, fizi inashuka, na ugaga wenyewe unajaza ile nafasi na kuunganisha meno jirani. Ukiutoa, nafasi zilizokuwa zimejificha zinaonekana na jino lililokuwa limeshalegea linajihisi limelegea. Ugaga ndo ulikuwa unakula, kusafisha kumefunua tu. Ukiuacha unaendelea kula mpaka jino lianguke lenyewe likiwa zima halina hata tundu.

HATUA YA 5: SIKU MBILI BAADA YA KUSAFISHWA

Ule utando wa mate umeondolewa kwahiyo jino linashika rangi kirahisi. Kwa siku mbili achana na chai ya rangi, kahawa, mchuzi wenye bizari nyingi, bitiruti, juisi ya zabibu na ubuyu wa rangi, ule wa Zanzibar hasa. Kula wali, ugali, ndizi, samaki, kuku, maziwa, vipo vingi. Sigara usiguse. Ganzi ya maji baridi kwa siku kadhaa ni kawaida, tumia dawa ya meno ya ganzi, ipake kwa kidole kwenye shingo ya jino usiku uiache. Fizi zikiuma sukutua maji ya uvuguvugu na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi. Ganzi ikizidi wiki mbili au ukivimba rudi.

Kwa watu wengi, mi nasema kwa uzoefu, safari inaishia hapa. Walidhani wanahitaji kubadilisha rangi ya meno kumbe walihitaji kusafishwa.

HATUA YA 6: KUNG'ARISHA KWA JELI, KAMA BADO UNATAKA

Hii sasa ni dawa ya rangi ya ndani, hasa njano ya umri. Jeli ya peroksaidi inapenya enameli na kuvunja rangi iliyomo. Mpangilio wake usivunjwe: kwanza meno yaliyotoboka yazibwe, fizi zipone, ugaga utoke, ndo jeli. Ukiweka jeli juu ya jino lenye tundu utaruka kwenye kiti.

Njia ninayoipenda ni ya nyumbani kwa usimamizi wa daktari, imetumika tangu mwisho wa miaka ya 1980. Unachukuliwa kipimo cha meno, unatengenezewa trei laini za plastiki zinazokukaa wewe tu, unapewa jeli ya kabamaidi peroksaidi asilimia 10, ambayo ni sawa na haidrojeni peroksaidi asilimia 3.5 hivi. Unaweka tone dogo mbele ya kila jino ndani ya trei, unafuta jeli iliyotoka kwenye fizi, unalala nayo au unakaa nayo saa chache kama ulivyoelekezwa, kwa wiki mbili hivi. Ganzi ikija unaruka siku moja. Ile ya kliniki ya jeli kali na taa ya bluu ni ya haraka, ila taa yenyewe mchango wake ni mdogo, na ule weupe unaoonyeshwa kwenye kioo mara ukimaliza sehemu yake ni kwamba meno yamekauka, baada ya siku chache rangi inashuka kidogo. Usidhani umeibiwa.

Meno yaliyozibwa, kofia za meno na meno ya bandia hayabadiliki rangi kwa jeli, kwahiyo kama una jino la mbele limezibwa litabaki na rangi yake ya zamani katikati ya weupe. Ng'arisha kwanza, subiri wiki mbili, ndo ubadilishe kizibo kifanane. Walio chini ya miaka 18, wajawazito na wanaonyonyesha wasubiri. Ulaya sheria inaruhusu bidhaa za dukani ziwe na haidrojeni peroksaidi mpaka asilimia 0.1 tu, na mpaka asilimia 6 zipite kwa daktari wa meno, ukilinganisha na hivi vifurushi vya mtandaoni visivyoandika kiasi chochote utajua cha kufanya.

HATUA YA 7: MADOA YA KAHAWIA YA FLORIDI

Sasa tuje nyumbani. Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida, na ukivuka Kenya ukanda wa Nakuru na Naivasha, maji mengi ya ardhini yamepita kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa yamebeba floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani linasema mwisho ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuna visima na chemchemi huku vinazidi hapo mara kadhaa. Mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwa yanajijenga ndani ya taya, toka anazaliwa mpaka miaka minane hivi, enameli inatoka na vinyweleo vingi. Jino linaota na weupe wa chaki, na kahawia inaingia baadae kupitia hivyo vinyweleo. Kwahiyo mtu mzima aliyehamia Arusha kikazi hapati madoa haya hata akae miaka 30, ila mwanae aliyezaliwa huko anaweza.

Inaniuma kuona mtu wa huku akienda Dar anaambiwa hapigi mswaki. Anapiga, tena kuliko anayemcheka. Na sio sisi tu, daktari wa meno Frederick McKay alikuta madoa hayahaya Colorado Springs huko Marekani mwaka 1901 na ilichukua mpaka 1931 kugundulika kwamba chanzo ni floridi ya maji. Katika kufuatilia ndo ikaonekana meno hayo yalikuwa yanaoza kidogo, na ndo sababu leo floridi kidogo inawekwa kwenye dawa ya meno.

Matibabu yanapanda ngazi kwa ngazi, na usikubali kurushwa ngazi. Kwanza kusafisha na kupolishi kawaida, ili tuone doa lipi ni la chai na lipi ni la jino. Pili, kwa madoa ya juu ya enameli, kuna kusugua kwa asidi maalumu iliyochanganywa na unga mgumu, fizi zikiwa zimefunikwa na shiti la mpira, inaondolewa sehemu ndogo sana ya milimita na kahawia nyingi inaondoka palepale. Asidi hiyo ni ya daktari, isikupe wazo la limao. Tatu, jeli ya peroksaidi kufifisha kahawia iliyobaki na kusawazisha na yale mawingu meupe. Nne, kuna utomvu mwembamba unaojaza vinyweleo vya enameli, weupe wa chaki unapotea, ila haupatikani kila mahali na bei yake imechangamka. Tano, meno yenye mashimo mashimo na enameli inayobanduka yanafunikwa kwa kompoziti, ule ujazo wa rangi ya jino, au vinia, vigamba vyembamba vinavyobandikwa mbele ya jino. Anayekwambia moja kwa moja atayasaga yote na mashine yawe meupe, mshukuru uondoke.

Kwa wenye watoto wadogo: kuchemsha maji hakutoi floridi, kunaiongeza maana maji yanapungua floridi inabaki. Chujio la kawaida la udongo halisaidii pia. Kinachofanya kazi ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kituo cha utafiti cha Ngurdoto kule Arusha kimefanya kazi hiyo miaka mingi, na maji ya mvua yaliyokingwa vizuri. Si lazima familia nzima iogee maji hayo, anza na ya kunywa, uji na maziwa ya mtoto. Magadi, niliahidi, mengi yana floridi ya kutosha tu, makande na maharage ya mtoto yapikwe bila magadi hata kama yatachelewa kuiva. Dawa ya meno mtoto chini ya miaka mitatu punje ya mchele, miaka mitatu mpaka sita punje ya choroko mbili tatu, na mzazi awepo ahakikishe mtoto anatema.

JINO MOJA LA KIJIVU

Hili halihitaji jeli ya nje. Linapigwa eksirei, mzizi unasafishwa na kuzibwa, afu dawa ya kung'arisha inafungiwa ndani ya jino lenyewe na kubadilishwa kila baada ya siku kadhaa mpaka rangi irudi. Matokeo mara nyingi ni mazuri na jino halikatwi.

KUTUNZA

Maji ya kusukutulia ya klorheksidini yanaacha madoa ya kahawia ukiyatumia muda mrefu, wiki mbili zinatosha kama daktari hajasema vinginevyo. Dawa ya maji ya kuongeza damu inatia weusi kwenye meno ya watoto, mpe kwa mrija na apige mswaki baadae, weusi huo ni wa nje unatoka.

Chai ya maziwa inachafua kidogo kuliko ya rangi, protini ya maziwa inashika ile rangi kabla haijashika jino. Kunywa umalize, usikae na kikombe kutwa nzima, afu piga funda la maji. Ukinywa soda, enaji au juisi ya ukwaju subiri nusu saa ndo upige mswaki, enameli inakuwa imelainika. Kusafishwa kliniki mara moja kwa mwaka kunatosha kwa wengi, mvutaji na mwenye ugaga wa haraka kila miezi sita.

Mirungi na tambuu, huko madoa ndo shida ndogo. Popoo, ile inayotafunwa kwenye tambuu, peke yake imewekwa na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa uhakika. Kwahiyo unapojikagua meno na tochi angalia na ndani ya mashavu, chini ya ulimi na kando ya ulimi. Ukiona baka jeupe au jekundu lisilofutika, mdomo unaanza kuwa mgumu kufunguka, au kidonda kimepita wiki mbili hakijapona, achana na mambo ya rangi kwanza, nenda hospitali ya mkoa kitengo cha kinywa na meno waangalie.